Kuingia kwenye majaribio ya dawa za saratani ukiwa Mombasa: kazi huanzia kwenye biopsi

Wagonjwa wengi wa Pwani husikia habari za majaribio ya dawa za saratani mambo yakiwa yameshaharibika. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, imekataa, mionzi imekwisha, familia imeishiwa, ndipo jamaa mmoja anatuma ujumbe wa WhatsApp kwamba kuna dawa mpya Nairobi. Kufikia hapo milango mingi imeshafungwa. Ugonjwa kuenea ni sababu moja. Sababu nyingine, ambayo inauma zaidi kwa kuwa ingezuilika, ni nyama ya biopsi, yaani kipande cha uvimbe kinachotolewa kupimwa, iliyoharibika maabara, ripoti isiyo na vipimo vinavyotakiwa, sidi ya skani iliyopotea, na kukosekana kwa karatasi hata moja inayoonyesha mgonjwa alipewa dawa gani, kiasi gani, tarehe ngapi. Mambo haya yanaweza kushughulikiwa na mgonjwa au mtu wake akiwa na bahasha ya kaki na kalamu, ili mradi aanze mapema.

Kabla ya yote, shika hili: usisimamishe wala kuchelewesha matibabu yaliyothibitishwa ukingojea jaribio. Saratani ya mlango wa kizazi inayotibiwa kwa mionzi, kwa mfano, inatakiwa imalize mionzi yote, ya nje na ya ndani, ndani ya wiki 8. Kila wiki inayozidi hapo inapunguza nafasi ya kupona. Ulizia jaribio mapema, siku unayopewa majibu ya biopsi, lakini ukiambiwa hakuna linalokufaa, anza matibabu.

Jaribio lenyewe ni nini

Dawa hupita hatua. Hatua ya kwanza huwa na watu wachache, mara nyingi makumi tu, na swali lake ni kiasi gani cha dawa mwili unaweza kuvumilia. Hatua ya pili inauliza kama uvimbe unapungua. Hatua ya tatu huchukua mamia au maelfu ya watu na kulinganisha dawa mpya na matibabu yanayotumika sasa. Hapo kompyuta ndiyo inayopanga nani aende kundi gani. Daktari hachagui, na mgonjwa hachagui. Hatua ya nne huja dawa ikiwa imeshaidhinishwa, kuangalia madhara ya muda mrefu. Ukiambiwa kuna jaribio, swali lako la kwanza liwe ni hatua ya ngapi, maana anayeingia hatua ya kwanza akitarajia kupona ameelewa vibaya, na anayekataa hatua ya tatu akidhani dawa haijawahi kuguswa na binadamu naye ameelewa vibaya.

Hofu inayosikika sana barazani ni kwamba utapewa dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, huku ugonjwa ukikula. Kwenye saratani ambayo tayari ina matibabu yanayofanya kazi, kumwacha mgonjwa na dawa bandia peke yake hakukubaliki kimaadili. Kwa kawaida kundi moja hupata matibabu ya kawaida, na kundi la pili hupata matibabu hayohayo pamoja na dawa mpya. Dawa bandia ikitumika, huongezwa juu ya matibabu halisi. Hata kwenye chanjo mambo yanaweza kwenda hivyo. Utafiti wa KEN SHE uliofanyika Kisumu, Nairobi na Thika ulichukua wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kuona kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha kuzuia virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Waliowekwa kundi la kulinganishia walichomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kisha wakapewa ya HPV baadaye. Baada ya miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya aina hatari za HPV 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na ushahidi uliotoka kwa wasichana wa hapa Kenya ulikuwa sehemu ya sababu.

Kila jaribio kubwa huwa na kamati huru inayochungulia matokeo kabla ya mwisho. Utafiti wa dawa za saratani ya Kaposi kwa watu wenye VVU, uliohusisha vituo vya Kenya na nchi nyingine za Afrika na kuchapishwa mwaka 2020, ulilinganisha aina tatu za kemo. Makundi mawili yalifungwa kabla ya wakati kwa sababu ilishaonekana wazi kwamba paclitaxel, mojawapo ya hizo tatu, inafanya kazi vizuri zaidi. Kufungwa kwa namna hiyo ni dalili kwamba ulinzi unafanya kazi, kwa hiyo usishtuke ukisikia jaribio limesimamishwa. Uliza limesimamishwa kwa nini.

Biopsi: hapa ndipo wengi wanapopotea

Majaribio mengi ya kisasa yanataka kipande cha uvimbe wako. Dawa nyingi mpya zinalenga alama fulani kwenye seli, na bila nyama hakuna wa kujua kama alama hiyo unayo. Kwa hiyo uliza daktari biopsi itachukuliwa kwa sindano gani. Sindano nyembamba hufyonza seli chache tu. Inatosha kusema hii ni saratani, lakini mara nyingi haitoshi kwa vipimo vinavyofuata. Sindano nene hutoa vijiti vya nyama, na daktari hutoa kadhaa. Kama hali inaruhusu, omba hiyo.

Nyama ikishatoka huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi. Fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, na nyama iingie humo ndani ya saa moja tangu itolewe. Ikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla maabara haijaanza kuishughulikia. Mara nyingi ni jamaa wa mgonjwa ndiye anayepewa chupa aipeleke maabara ya binafsi, basi yeye ndiye wa kuangalia mambo haya. Chupa iwe ya mdomo mpana, na fomalini iifunike nyama kabisa. Lebo ya chupa ionyeshe jina, sehemu ya mwili, tarehe na saa nyama ilipotolewa, na ibandikwe kwenye chupa yenyewe. Kifuniko hubadilishwa, lebo ikapotea nacho.

Yanayoharibika ni haya. Nyama huwekwa kwenye maji ya chumvi au spiriti kwa sababu fomalini imekwisha, na vipimo vya alama vinakuja na majibu ya uongo. Chupa huwekwa kwenye friza na mtu aliyedhani anasaidia, barafu ikapasua seli. Chupa inachukuliwa Ijumaa jioni na kufika maabara Jumanne. Kwa titi zima lililokatwa kwenye upasuaji, shida ni nyingine: fomalini huingia ndani ya nyama polepole sana, takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo titi lisipopasuliwa vipande nje kunahifadhika huku katikati, palipo na uvimbe, kunaoza. Muulize daktari wa upasuaji mapema: nani atalipasua, na saa ngapi?

Maabara ikimaliza, nyama hukaa ndani ya kitofali kidogo cha nta kinachotosha kushikwa kwa vidole viwili, chenye namba iliyoandikwa ubavuni. Wenyewe huita bloku. Hicho ndicho kitu cha thamani kuliko karatasi zote ulizo nazo. Nakili namba ya bloku kwenye daftari lako na uulize maabara wanaihifadhi kwa muda gani. Usiichukue mpaka itakapohitajika. Ukiichukua, sainiana nao, iweke kwenye mkoba wa mkononi, usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, na usiitume kama kifurushi cha basi bila risiti. Wala usiombe wakate slaidi za akiba kabla ya wakati, kwa sababu slaidi zikikaa miezi hupoteza nguvu ya kuonyesha alama na majaribio mengi huzikataa. Bloku haina tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Ripoti iwe na nini? Kwa saratani ya matiti ni lazima kuwe na ER na PR, ambazo ni alama za homoni, na HER2, ambayo ni protini kwenye seli, na HER2 iandikwe kwa namba: 0, 1+, 2+ au 3+. Neno "hasi" peke yake halitoshi tena. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba dawa ya trastuzumab deruxtecan inarefusha maisha ya wagonjwa ambao ugonjwa umeenea na wana HER2 kidogo, yaani 1+, au 2+ ambayo kipimo cha jeni kimesema si chanya. Zamani wote hawa waliandikiwa hasi na mambo yakaishia hapo. Ukiona 2+, uliza kipimo cha jeni kiko wapi. Kwa saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa, uliza kipimo cha MMR, yaani uwezo wa seli kurekebisha makosa kwenye jeni zake. Kwa mapafu ni alama za EGFR, ALK na PD-L1.

Faili la mgonjwa

Daktari wa utafiti akiletewa mgonjwa huwa na dakika chache za kuamua kama inafaa kuendelea. Faili likiwa limepangwa, jibu hutoka siku hiyohiyo. Tengeneza nakala mbili, moja ikae nyumbani, na upige kila ukurasa picha kwa simu.

Cha kwanza ni ripoti ya biopsi, kamili. Muhtasari ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki hautoshi. Kisha skani: chukua sidi yenye picha zenyewe pamoja na ripoti. Filamu nyeusi za kubandika kwenye taa hazitoshi, kwa sababu watafiti wanapima uvimbe kwa milimita kwenye kompyuta. Fungua sidi hiyo kwenye kompyuta yoyote kabla ya kuondoka hospitalini, maana sidi tupu si jambo la nadra. Sababu ya kupima kwa ukali hivyo ni kwamba uvimbe unahesabiwa umepungua pale jumla ya vipimo vyake inaposhuka kwa asilimia 30 au zaidi, na unahesabiwa umekua jumla hiyo inapopanda kwa asilimia 20. Bila picha ya mwanzo hakuna cha kulinganishia.

Halafu orodha ya kemo. Andika jina la dawa lenyewe wala usitosheke na "ile nyekundu", kiasi kwa miligramu, tarehe ya kila raundi, na sababu ya kuacha kama uliacha. Kwa mionzi, omba muhtasari unaoonyesha jumla ya Gy (kipimo cha kiasi cha mionzi), idadi ya vipindi, sehemu iliyopigwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Hospitali yoyote yenye mashine ya mionzi, Coast General ikiwemo, huwa na kumbukumbu hizi. Kinachokosekana ni mtu wa kuziomba. Ziombe siku ya mwisho ya matibabu, wahusika wakiwa bado wanakujua kwa sura.

Ukurasa wa mwisho wa faili ni wa ukweli. Andika dawa zote unazotumia, za presha, za kisukari, ARV, na za miti shamba pia. Mwarobaini, mlonge, habasoda, unga wa mganga, muguka, vyote viandikwe. Hakuna daktari wa utafiti wa maana atakayekugombeza. Shida ni kwamba baadhi ya mitishamba hupandisha vipimo vya ini, na ini likionekana limesumbuka unaweza kukataliwa bila mtu kujua kwamba kuacha kile kikombe cha asubuhi kwa wiki chache kungetosha. VVU navyo visifichwe. Majaribio mengi siku hizi yanawapokea wenye VVU wanaotumia dawa vizuri na ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga, ziko juu, mara nyingi 350 na zaidi.

Damu itapimwa. Viwango hutofautiana, lakini vinavyoonekana mara nyingi ni himoglobini ya 9 au zaidi, chembe nyeupe aina ya nyutrofili zisizopungua 1,500, chembe za kugandisha damu zisizopungua 100,000, na figo na ini visivyo mbali na kawaida. Mama anayetokwa damu kwa sababu ya uvimbe wa mlango wa kizazi mara nyingi huanguka kwenye himoglobini. Usingoje siku ya kupimwa ndipo uongezewe damu, kwani baadhi ya majaribio hayahesabu kipimo kilichochukuliwa siku chache baada ya kuongezewa.

Tena kuna kipimo kisicho na mashine, nacho ndicho kinachoangusha watu wengi: nguvu ya mwili kwa kiwango kiitwacho ECOG. Sifuri ni mtu anayefanya kila kitu kama zamani. Moja ni anayeweza kazi nyepesi. Mbili anajihudumia na kutembea lakini hawezi kazi. Tatu anashinda kitandani au kitini zaidi ya nusu ya muda anaokuwa macho. Nne haamki. Majaribio mengi yanachukua sifuri na moja, machache huchukua mbili. Maumivu yasiyotulizwa humlaza mtu ambaye angekuwa na moja. Kwa hiyo kutibu maumivu, kwa mofini ya maji ikibidi, ni sehemu ya maandalizi. Coast Hospice wako hapa Mombasa kwa kazi hiyo, na kwenda kwao hakumaanishi kwamba mgonjwa ameachwa afe.

Kutafuta jaribio na kulihakiki

Anza na daktari wako wa saratani, awe Coast General, Aga Khan ya hapa Mombasa au kwingine. Usimuulize "kuna dawa mpya?" kwa sababu jibu litakuwa fupi. Muulize hivi: "Daktari, kwa aina hii na hatua hii ya ugonjwa, kuna jaribio linalopokea wagonjwa Nairobi, Eldoret au Kisumu? Unaweza kuniandikia barua ya rufaa kwenda kwa mtafiti mkuu?" Majaribio mengi ya saratani nchini hufanyikia miji hiyo.

Wakati huohuo tafuta mwenyewe, au mpe kijana wa nyumbani. Ingia ClinicalTrials.gov, andika jina la ugonjwa kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye ripoti ya biopsi, kwenye nchi chagua Kenya, na kwenye hali ya utafiti chagua Recruiting, yaani wanapokea watu. Angalia vizuri: Active, not recruiting maana yake kazi inaendelea lakini mlango umefungwa, na wengi husafiri bure kwa kutosoma maneno hayo matatu mpaka mwisho. Kila utafiti hapo una namba inayoanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu 8. Tafuta pia kwenye rejista ya majaribio ya Afrika, PACTR, inayoendeshwa kutoka Cape Town. Ukipata linalofanana nawe, soma masharti ya kuingia na ya kuzuiwa, chapisha ukurasa, mpelekee daktari.

Kisha hakiki. Jaribio halali Kenya lina idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na jaribio la dawa lina idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu pia. Omba namba za idhini hizo. Mtu akisitasita kuzitaja, ondoka. Na hakuna jaribio halali linalomtoza mgonjwa ada ya kujiandikisha. Mtu anayetaka utume M-Pesa ili "uhifadhiwe nafasi" ya chanjo ya saratani au ya seli shina ni tapeli, hata akiwa amevaa koti jeupe. Familia nyingi zimeuza mashamba kwa njia hii, na hasira tuliyo nayo juu ya watu hao haifichiki.

Habari za dawa mpya na namna ya kuzipima

Mwaka 2022 ilisambaa habari kwamba saratani imetibiwa kabisa kwa wagonjwa wote. Habari ilikuwa ya kweli, ila ilikatwa mkia. Dawa ilikuwa dostarlimab, hospitali ilikuwa Memorial Sloan Kettering ya New York, na wagonjwa waliotangazwa mwanzo walikuwa 12. Wote walikuwa na saratani ya njia ya haja kubwa ambayo haijaenea, yenye kasoro ya MMR, aina ambayo ni sehemu ndogo tu ya saratani hizo. Kwa mwenye aina hiyo ni habari kubwa mno. Kwa mwenye saratani ya umio haimhusu kabisa. Kila ukiletewa habari, uliza saratani gani, imefika hatua gani ya ugonjwa, alama gani, watu wangapi, walilinganishwa na nini, na walifuatiliwa muda gani.

Na kuna matokeo ambayo hayakupigiwa kelele mitandaoni lakini yanakuhusu zaidi ukiwa Mombasa, kwa kuwa hayahitaji dawa ya mamilioni. Utafiti wa INTERLACE, uliochapishwa mwaka 2024, uliwachukua wanawake 500 wenye saratani ya mlango wa kizazi nchini Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazili. Nusu walipewa kwanza carboplatin na paclitaxel kila wiki kwa wiki 6, dawa za zamani zinazojulikana, ndipo wakaanza mionzi na cisplatin wiki ya 7. Baada ya miaka 5, asilimia 80 yao walikuwa hai, dhidi ya 72 ya walioanza moja kwa moja na mionzi. Muulize daktari kama mpango huo unakufaa. Ila uende na tahadhari moja: nafasi ya mionzi iwe imeshapangwa siku kemo inapoanza. Kemo ikiisha halafu mgonjwa akakaa mwezi akingoja foleni, huo si mpango uliopimwa kwenye utafiti, na hakuna anayeweza kukuahidi faida yake.

Mfano mwingine ni wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, India. Kwa saratani za kichwa na shingo zilizorudi au kuenea, waliongeza nivolumab, dawa ya kuamsha kinga, miligramu 20 kila wiki 3 kwenye vidonge vya kemo, wakati dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki 2. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 43 dhidi ya 16 ya waliopata vidonge peke yake. Utafiti wa namna hii, unaouliza kama dawa kidogo inatosha, ndio tunaouhitaji zaidi huku kwetu.

Fomu ya idhini

Fomu hii huwa ndefu, na unayo haki ya kuipata kwa Kiswahili. Usisaini siku unayoonyeshwa. Rudi nayo nyumbani, isomwe kwa sauti, andika maswali pembeni. Kikao cha familia ni kizuri, lakini saini ni ya mgonjwa mwenyewe. Mume hasaini kwa niaba ya mke mwenye akili timamu, wala mtoto kwa mamake. Asiyejua kusoma hutia kidole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti.

Tafuta majibu ya maswali haya ndani ya fomu, na usipoyaona, uliza. Nisipoingia, ningetibiwa kwa nini? Dawa ya utafiti ni bure, lakini zile za kawaida zinazoambatana nayo, skani na vipimo, analipa nani: mfadhili, SHA (bima ya afya ya serikali) au mimi? Nikidhurika na dawa, bima ya utafiti inagharamia nini na kwa muda gani? Damu na nyama yangu zitasafirishwa nje? Dawa ikinifaa na utafiti ukaisha, nitaendelea kuipata? Hili la mwisho linawaumiza watu wengi wakiwa hawakuliuliza mapema, ilhali Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti, linataka lipangwe kabla utafiti haujaanza.

Uliza na nauli, kwa hesabu. Miadi ya kila wiki 3 kwa mwaka ni takriban safari 17. Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni 6,000, na kwa mwaka ni 102,000 kabla hujalala wala kula. Wanarudisha nauli ya msindikizaji pia? Wanatoa kabla ya safari au baada ya kuleta tikiti? Anayekosa miadi kwa nauli huhesabiwa amekosa dozi, na akikosa nyingi hutolewa.

Ukishaingia

Nunua kipimajoto cha kidijitali. Hapa Pwani homa yoyote huitwa malaria, mtu akaenda duka la dawa akapewa vidonge vya malaria na Panadol. Kwa mtu aliye kwenye kemo, homa ya 38 au zaidi inaweza kuwa maambukizi yaliyoingia wakati chembe nyeupe ziko chini, na yanaweza kuua ndani ya siku moja. Pima joto kabla ya kumeza Panadol, maana Panadol huficha homa. Kisha nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane na kivuko cha Likoni kina foleni. Wapime malaria na damu kamili kwa pamoja, kimoja kisingojee kingine. Tena dawa ya malaria yenye lumefantrine haifai kuchanganywa na baadhi ya dawa za utafiti zinazogusa mapigo ya moyo, kwa hiyo piga simu kwa muuguzi wa utafiti kabla ya kuimeza.

Utapewa kadi yenye jina la utafiti na namba ya simu ya saa 24. Itembee nawe kama kitambulisho, na muonyeshe daktari wa zamu kabla hajaandika chochote. Dawa za kuamsha kinga zina madhara yasiyofanana na ya kemo: kuhara mfululizo, kikohozi kikavu, kupumua kwa shida, uchovu wa tezi ya shingo kudhoofika. Madhara haya yanaweza kutokea hata miezi baada ya dozi ya mwisho. Hutibiwa kwa dawa za steroidi, na daktari asiyejua historia yako ataandika dawa ya kuhara tu akurudishe nyumbani.

Mwezi wa Ramadhani, zungumza na timu wiki kadhaa kabla. Vidonge vya mara mbili kwa siku hutakiwa kupishana kama saa 12, na vingine vinataka chakula. Wakati mwingine daku na futari zinatosha kubeba ratiba hiyo, wakati mwingine hazitoshi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Kibaya ni kufunga kimyakimya na kujaza daftari la dawa saa ambazo hukumeza: daktari atapunguza au kuongeza dozi kwa kufuata uongo, na wewe ndiye utakayeumia.

Uzazi nao usisahaulike. Wanawake na wanaume huombwa kutumia njia ya kuzuia mimba wakati wa dawa na miezi kadhaa baadaye.

Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Ila usizime simu ukapotea. Nenda miadi moja ya mwisho wakuangalie ini, figo na moyo, kwa kuwa dawa nyingine hazifai kukatwa ghafla. Kabla ya kuondoka, omba barua yenye jina la dawa, kundi ulilokuwamo kama limeshatajwa wazi, tarehe ya dozi ya mwisho, madhara uliyopata, na sidi ya skani ya mwisho. Uliza bloku iko wapi na itarudishwa lini maabara ilikotoka. Barua hiyo ipeleke kwa daktari wako wa Mombasa wiki hiyohiyo. Majaribio mengi huhitaji wiki 2 hadi 4 zipite tangu dawa ya awali kabla ya kuanza jingine, na siku hizo huanza kuhesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa humo.